Mtundu Mkavu

Septemba, msitu wa Ipole umetoa majani mapya,
mekundu kama kichanga aliyeogeshwa sasa hivi,
na mvua bado iko huko iliko.

Mimi nina kopo la rangi na orodha.
Mlekwa ana msumeno wa mnyororo
na masikio ambayo msumeno huohuo umeyala
miaka kumi na tisa, kidogo kidogo,
kama mchwa alavyo mlango.

Tunatafuta kuni za mabani.
Tumbaku haikauki kwa dua.
Kila mti mkavu naupiga msalaba.
"Mkavu hauna mwenyewe," alisema karani wa chama,
nami nikaliandika hilo juu ya ukurasa
kwa mwandiko wangu mzuri.

Kisha: ko-ko-ko-ko.
Kimya.
Ko-ko.

Hodi gani hii isiyongoja karibu?

Alikuwa juu, upande wa jua,
utosi mwekundu, ndevu nyeusi mpaka shingoni,
mkia ameukita kwenye gome kama kigoda cha mguu mmoja.
Alirudisha kichwa nyuma, akakishusha,
akakirudisha, akakishusha.
Mimi nikiinama mara tatu kufunga kamba za viatu
naona nyota.

Na tangu alfajiri nilikuwa nimewapita wenziwe:
yule mdogo wa kwenye vitawi vya mkurungu,
agongaye taratibu kama fundi saa asiyetaka kumwamsha mtu;
yule wa mkia wa dhahabu, aliaye mara moja tu,
bawaba iliyonyimwa mafuta;
na yule ashukaye chini kabisa, akala sisimizi
penye jivu la moto wa Julai, katikati ya kanga,
kana kwamba hajaambiwa kwao ni mtini.
Nyanya yangu Kalunde aliwaita wote kigong'ota,
akaishia hapo.
Mimi niliyesoma
sikuwaita kitu.

Mlekwa hakusikia.
Mkono ulikuwa tayari kwenye kamba ya kuwashia.
Nikamshika bega, nikamwonyesha kwa kidevu.
Akauweka msumeno chini, akatua kiganja kwenye shina,
sentimita chache chini ya msalaba wangu mbichi,
akafumba macho
kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Tukangoja.
Nzi alitua kwenye kope yake, hakumfukuza.

"Kuna mtu ndani!" akasema,
kwa sauti ile kubwa ya wasiosikia,
na ndege akaruka.

Ndipo nikayahesabu matundu, manne,
moja juu ya jingine.
La juu, chenga za mbao zilikuwa bado nyeupe mlangoni.
La pili lilitoa nyuki, wawili, watatu, kisha ukamba mzima.
La tatu lilikuwa na macho ya komba, mviringo, yenye usingizi na hasira.
La nne halikuwa na mtu. Labda lilikuwa naye.
Fundi hujenga chumba kila mwaka,
huhama, hadai kodi,
wala hageuki nyuma kuuliza nani kaingia.

Mti mkavu hauna mwenyewe.

Nilisugua msalaba kwa udongo.
Kwa mate. Kwa majani yale mekundu.
Rangi ilikuwa nzuri, ya dukani Sikonge,
haikutoka.
Kesho kutwa linakuja kundi la pili,
na wao husoma miti kwa rangi.

Nilipeleka miti thelathini na tisa.
Karani akahesabu kwa kalamu, akahesabu tena.
"Orodha yasema arobaini."
Nikasema mmoja una watu.
Akanitazama, akaandika: *pungufu*.

Usiku, kambini, ugali ukipoa,
Mlekwa aliuegemeza mkono kwenye sufuria iliyofunikwa.
Kidole kimoja: ko-ko-ko-ko.
Akanyamaza, akanitazama usoni
kuona kama amepatia.